Chumba cha Kupumzikia

Siku Bi Mkubwa alipowaita walimu wote ofisini kwake na kufunga mlango, Kengele alikuwa ameketi nje kwenye benchi la wakosaji, mama yake ubavuni, akingoja kufukuzwa shule.

Kengele lilikuwa jina la shuleni. Nyumbani alikuwa na lake, lakini shuleni walikwisha kulisahau tangu mwaka wa kwanza, aliposimama ghorofani akamwita mwenzake aliye ng'ambo ya uwanja, na mbwa wa mlinzi akaamka. Sasa alikuwa darasa la mwisho, mwaka wa mtihani mkubwa, na tumbo lilikuwa limeanza kuisukuma sketi. Mimba ilikuwa ya kinyozi wa pale kona, ambaye aliposikia habari alihama na kioo chake, mkasi wake na hata kiti cha wateja, na hatutamtaja tena maana hastahili pumzi yetu.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alikuja na pini bado zimechomekwa kifuani kwenye blauzi, kwa jinsi alivyotoka mbio alipoitwa. Walipoketi kwenye benchi akasema, "Ukifukuzwa, cherehani ni hiyo. Mimi sina shule nyingine ya kukupeleka." Basi. Akatazama mbele.

Ukuta wa ofisi ulikuwa wa mbao, na mbao hazina siri. Walisikia yote.

Bi Mkubwa ndiye mwalimu mkuu. Mwanamke mnene, mpole, mwenye kikohozi kisichokwisha. "Nilikuwa na mdogo wangu," wakamsikia akisema. "Alipopata mimba walimtoa mbele ya paredi, kwa fimbo, watoto wenzake wakitazama. Hajashika kalamu mpaka leo. Sasa sikilizeni. Maadamu mimi niko hai, katika shule hii hakuna mtoto atakayetolewa kwa sababu hiyo. Huyu ni mtoto wetu. Kila mwalimu aniambie atamsaidia nini."

Mama akamshika Kengele mkono kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Machozi yalimtoka mama mtu palepale, machozi ya mtu aliyekuja kuzika akaambiwa mgonjwa amefumbua macho.

Lakini hapo ndipo mambo yalipoharibika, jamani, na yaliharibika kwa nia safi, na nia safi ikiharibu kitu huna hata wa kumgombeza. Walimu wa shule ile walikuwa na desturi yao: kila jambo kwao lilikuwa mchango. Mwenzao akifiwa, mchango. Akioa, mchango. Mlinzi akivunjika mguu, mchango, na kila mmoja hutoa mbele ya wenzake, kwa sauti, na hakuna anayetaka kuwa yule aliyenyoosha mkono mtupu. Basi walipoulizwa watamsaidia nini mtoto, wakachanga. Na mwalimu ana nini cha kumpa mwanafunzi papo hapo? Ana ruhusa.

"Mimi namwondolea mbio za asubuhi," akasema mwalimu wa michezo. Makofi.

"Mimi namwondolea paredi na usafi," akasema mwalimu wa nidhamu, ambaye tangu aajiriwe alikuwa hajawahi kumwondolea mtu kitu isipokuwa raha. Makofi zaidi.

Mwalimu wa lugha akamwondolea kusimama na kusoma mbele ya darasa. Wa jiografia akamwondolea safari za kwenda kutazama mito na mawe. Wa hesabu akasema asisumbuliwe kuitwa ubaoni. Ikaendelea hivyo, kila mmoja akitaka kumpita aliyemtangulia, mpaka akabaki mmoja kwenye kona: mwalimu wa kemia. Wanafunzi walimwita Mzee wa Gesi, ingawa hakuwa na unywele mmoja mweupe. Kijana mwoga, mwenye mikono yenye madoa ya dawa, aliyekuwa akiogopa wenzake kuliko asidi.

"Mimi..." akasema. Akakohoa. "Mimi namwondolea maabara. Zile harufu si nzuri kwa mtoto."

Makofi yakarindima kuliko yote yaliyotangulia.

Nje kwenye benchi, Kengele alikuwa ameshasimama. "Maabara? Mama, maabara—"

"Nyamaza," mama akamwambia, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Keti. Nyamaza na ushukuru."

Mtu asiyemjua Kengele angesema, kwani maabara ni nini? Chumba chenye chupa. Lakini msichana yule masomo mengine yote aliyasoma kwa sababu yalikuwepo, na kemia aliisoma kwa sababu aliipenda. Aliwahi kumpeleka mama hospitali kupimwa damu, akamwona mwanamke mmoja mwenye koti jeupe ameinamia hadubini, watu wazima wenye vyeo wamepanga foleni nje wakingoja aseme nani ana nini. Tangu siku hiyo alijua anataka kuwa nani. Na darasani hakuna aliyemfikia kwa bureti. Bureti ni ule mrija mrefu wa kioo wenye koki, unaodondosha dawa tone kwa tone ndani ya chupa nyingine mpaka rangi igeuke. Wenzake walikuwa wakipitiliza. Yeye alikuwa akiikamata rangi ikiwa ndiyo kwanza inazaliwa, waridi nyepesi, haijajijua. Na katika mtihani mkubwa, kemia ya vitendo ilikuwa karatasi nzima. Bila hiyo hakuna koti jeupe wala hadubini. Kuna cherehani.

Basi akapewa chumba. Zamani kilikuwa stoo ya ramani, chini ya ngazi. Darasa lao lilikuwa ghorofani, na Bi Mkubwa alisema ngazi zile zitamuua mtoto.

"Mwalimu," Kengele akasema kwa adabu, mikono nyuma, "si darasa letu lingeshuka chini, na darasa la kwanza lipande juu? Wao ni wepesi."

Bi Mkubwa akacheka kwa huruma, akampapasa shavu. "Usijitaabishe kufikiri, mwanangu. Hayo tuachie sisi. Wewe kazi yako ni kupumzika."

Wakatandika godoro. Wakaleta mto, ndoo ya maji, meza ndogo na kiti kimoja chenye mguu uliofungwa waya. Mama naye hakutaka kupitwa na wema wa watu. Alishona pazia la maua, akalileta mwenyewe, akalitundika, akawashukuru walimu mmoja mmoja mpaka wengine wakaona haya. Mwalimu wa nidhamu akabandika karatasi mlangoni: KIMYA TAFADHALI. CHUMBA CHA KUPUMZIKIA.

Mwanzoni walimu walishuka. Mwalimu wa hesabu alikuja na chaki mfukoni, akaandika kwenye ubavu wa kabati kwa kukosa ubao. Wa lugha alikuja akasoma naye, akapiga miayo, akasema chumba kina joto. Baadaye walituma daftari za wenzake anakili. Baadaye tena walisema daftari zikitumwa wenye daftari wanalalamika. Bandu bandu huisha gogo. Hakuna mwalimu aliyeamua kuacha kumfundisha. Kila mmoja alidhani mwenzake bado anakwenda.

Aliyekuja kweli alikuwa Chiriku, mwenzake wa dawati moja, msichana mwembamba ambaye mdomo wake haukujua likizo. Alikuja wakati wa mapumziko na mkate nusu, akaketi kwenye godoro, akamwaga habari zote za ghorofani: nani kazomewa, nani kapata sufuri, Mzee wa Gesi kajichoma kidole akaruka kama panzi.

"Mmefanya nini maabara?" Kengele akawa anauliza hilo tu.

"Tumepima ile asidi. Mimi nimepitiliza tena. Rangi ilikuja nyekundu kama nimechinja kuku."

"Unafungua koki sana. Ikikaribia, igeuze kidogo tu, halafu utikise. Onyesha mkono unavyoshika."

Wakafanya hivyo kwa kalamu na kikombe, Chiriku akishika hewa, Kengele akimrekebisha vidole. Walicheka. Kucheka kwa Kengele kulikuwa kulekule kwa kuamsha mbwa, na ndiko kulikomleta mwalimu wa nidhamu.

"Nini hii?" akasema mlangoni, kwa upole, na upole haukumzoea. "Mwacheni mwenzenu apumzike. Kuanzia leo sitaki kuona mtu humu. Huyu ni wa kutunzwa."

Huko ghorofani nako maneno hayakukosa. Wengine wakaanza kumwita Bibi Harusi: analala, anapelekewa maji, hafagii, hakimbii, na sisi tunaunguzwa na jua uwanjani. Watoto hawana dogo. Alipopita kwenda msalani walimpigia vigelegele. Ungedhani fimbo ndiyo inayomtenga mtu na wenzake, kumbe hata godoro linaweza.

Siku moja alipanda. Polepole, mkono kwenye ukuta, akafika mlango wa maabara wakiwa katikati ya kazi, kila mmoja na bureti yake. Harufu ilikuwa ileile ya siku zote, kali kidogo puani, na Kengele alisema baadaye kwamba nusura alie kwa kuisikia. Mzee wa Gesi alipomwona akaacha chupa mezani akaja mbio, mikono ameitanua mbele kama anayezuia mbuzi asiingie shambani.

"Hapana, hapana. Wewe umeondolewa."

"Nitakaa hapa mlangoni, mwalimu. Nitazame tu."

"Na ukipatwa na jambo? Mimi nitamwambia nini Bi Mkubwa? Nitamwambia nini mama yako?"

"Mwalimu, umesoma mahali kwamba asidi hii nyepesi inadhuru mimba?"

Mzee wa Gesi hakuwa amesoma mahali popote. Alisema tu siku ile kwa sababu ilikuwa zamu yake na wenzake walikuwa wameshatoa. Lakini kitu ukishakitoa mbele ya watu kwa makofi, unakirudishaje? Akatazama chini, kwenye viatu vyake vilivyotobolewa na matone ya dawa.

"Nenda ukapumzike," akasema. "Tafadhali."

Jioni hiyo Kengele alimwambia mama yake kwamba hajifunzi kitu. Mama alikuwa anakunja pindo la gauni la mteja, miwani puani.

"Hebu rudia," mama akasema.

"Sijifunzi kitu, mama. Nalala tu. Naamka nalala tena. Wamenisahau."

"Wamekusahau na godoro wamekutandikia?" Mama akaweka gauni chini. "Sikiliza wewe mtoto. Mimi nilitoka nyumbani asubuhi ile nikijua nakwenda kuaibishwa. Nilijua nitapita sokoni watu wananinyooshea kidole. Badala yake wale watu wamekupokea kama yai. Wenzako wangapi wako majumbani wanateka maji? Halafu wewe umelala nyuma ya pazia la maua unaniletea manung'uniko. Asante ya punda ni mateke, ndiyo hiyo."

"Lakini mtihani—"

"Mtihani utafanya. Wamesema mtihani hutafanya?"

Hawakuwa wamesema. Kengele akachukua sindano akamsaidia mama kukunja pindo, na alipomaliza upande wake mama akautazama mshono, akasema una mkono mzuri, ungekuwa fundi hodari wewe. Alisema kwa kumsifu. Kengele usiku ule hakula.

Kisha wakasema.

Bi Mkubwa alimwita yeye na mama yake pamoja. Safari hii hawakukaa benchi la wakosaji. Waliketishwa ndani, kwenye viti vyenye mito, na walimu kadhaa wamesimama ukutani wakitabasamu. Bi Mkubwa mwenyewe uso ulikuwa unang'aa.

"Mama, tumelifikiria sana hili," akasema. "Tumepiga hesabu ya kujifungua kwake, tumeona inaangukia karibu kabisa na mtihani. Na masomo mengi hakuyahudhuria, si kwa kosa lake. Sasa kwa nini tumtese? Nilikwenda mwenyewe kule wanakopokea majina ya watahiniwa. Nimemwondoa kwenye mtihani wa mwaka huu. Atafanya mwakani, ametulia, amepona."

Wale waliokuwa ukutani wakapiga makofi kidogo, ya ofisini, ya kugonganisha vidole.

Mama akainama. "Mungu awabariki, mwalimu. Sijui niseme nini."

"Amepona nini?" Kengele akauliza.

Bi Mkubwa akakunja uso, kama ambaye hakusikia vizuri.

"Mwalimu, mimi siumwi. Sijaumwa hata siku moja. Nina mimba."

"Ndiyo, mwanangu, ndiyo maana—"

"Masomo sikuyahudhuria kwa sababu mlinizuia. Nilipanda, nikarudishwa. Muulizeni." Mzee wa Gesi, kule ukutani, akapata kitu cha kutazama kwenye dari. "Na mwakani sitarudi. Mwakani mtoto nitamwachia nani? Mama akae naye, cherehani akae nayo nani? Sisi tunakula kwa ile cherehani. Mwakani mtaniona sokoni na mtoto mgongoni nashona pindo. Mwaka huu ndio nilikuwa nao, mwalimu. Huu tu."

Mama alikuwa amegeuka anamtazama binti yake. Kitu kilikuwa kinaingia kichwani mwake taratibu na kilikuwa kinauma. Maana ni kweli. Wote wawili walikuwa wanaijua hesabu ile ya nyumbani, na hakuna aliyewahi kuisema kwa sauti. "Mwalimu," mama akasema, na shukrani zilikuwa zimeshamwishia, "hili lingekuwa vizuri tungeulizwa."

Bi Mkubwa aliumia. Wallahi aliumia, na usimcheke. Mtu amelia kwa ajili ya mtoto, amepigania, amekwenda ofisi za watu kumtafutia nafuu, halafu anatazamwa kama aliyeiba. "Tumekukosea nini?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli. Akakohoa muda mrefu. Mwisho akasema, "Haya. Usilie. Nitaona."

Nitaona! Kila mtu mzima analijua neno hilo. Ndilo tunalomwambia mtoto anayetaka kitu dukani ili atoke dukani. Lakini Kengele alikuwa katika shida, na mwenye shida hushika hata unyasi. Alilishika. Alirudi kwenye kile chumba, akaomba vitabu, akasoma akiwa amelala ubavu, akasoma akiwa amekaa, miguu imevimba ndani ya ndoo ya maji. Alijifundisha yale yaliyompita. Kwa vitendo hakuwa na chochote, basi akawa anafumba macho na kugeuza koki hewani, tone, tikisa, tone, tikisa. Kila alipokutana na Bi Mkubwa koridoni alimuuliza kwa macho, na Bi Mkubwa alimpapasa bega akasema, kula vizuri. Kengele akaona huo ni mwelekeo mzuri. Mtu akitaka kutumaini, hata kikohozi hukigeuza kuwa jibu.

Siku ya kemia ya vitendo mama yake alimpigia sare pasi mwenyewe. Alikuwa ameipanua pande zote mbili mpaka kitambaa kikaisha, akaongeza cha rangi inayofanana. "Nenda," akasema. "Wakikurudisha, umerudishwa ukiwa umesimama." Kisha akamfunga kifungo cha shingoni ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Watahiniwa walikuwa wamepanga mstari nje ya maabara. Chiriku alipomwona alimvuta akamweka mbele yake, hakusema kitu, na kwa Chiriku hiyo ilikuwa habari. Msimamizi wa mtihani alikuwa mgeni, ametumwa kutoka nje ya shule, kama kanuni inavyotaka: mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba kifuani, bahasha zilizofungwa kwapani. Hakumjua mtu. Alikuja akikagua mstari, akafika kwa Kengele, akasimama.

"Miezi mingapi?"

"Minane na kitu, mama."

"Unaweza kusimama mpaka mwisho wa mtihani?"

"Naweza."

"Muongo. Nimezaa watano, najua." Akageuka kwa Mzee wa Gesi aliyekuwa akipanga chupa ndani. "Mwalimu, lete stuli. Iweke meza ile ya dirishani, na dirisha lifungue lote, hewa ipite. Akitaka kwenda msalani atasindikizwa na mmoja wenu wa kike, na atarudi aendelee." Akavaa miwani. "Haya. Kuna jingine? Hakuna. Tuendelee."

Hivyo tu. Muda wa mtu kufunga kamba za kiatu. Mzee wa Gesi akabeba stuli, akaiweka dirishani. Akalisukuma dirisha, likakwama, akalisukuma tena kwa bega, likafunguka. Alipogeuka, Kengele aliona kwamba anayakwepa macho yake, na hapo ndipo alipojua. Hakuhitaji tena kuambiwa.

Namba zikaitwa. Mmoja mmoja wakaingia. Chiriku akaitwa, akaingia huku ameangalia nyuma. Wakaisha wote. Kengele akabaki peke yake kwenye kizingiti.

"Na wewe? Namba yako?"

Bi Mkubwa alikuwa amekuja kwa haraka, anahema. "Huyu hafanyi mwaka huu," akasema. "Huyu tulimpumzisha."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Ni kwa sababu ya hali yake."

"Hali yake naiona." Msimamizi akamtazama Bi Mkubwa, kisha stuli, kisha Mzee wa Gesi. "Aliomba?"

Ndani, kijana mmoja aliangusha kalamu, ikasikika ikibingirika.

"Mwalimu, si ulisema utaona?" Kengele akasema. Sauti yenyewe haikufika hata mlango wa pili.

"Nilidhani umeelewa, mwanangu," Bi Mkubwa akanong'ona. "Nilidhani umeelewa."

Msimamizi akavua miwani. "Mimi sina mamlaka ya kuongeza hata jina moja. Ningekuwa nayo..." Akaiacha hapo. "Pole, mwanangu. Pole sana." Akafunga mlango, maana muda ulikuwa umefika, na muda wa mtihani haumngoji mtu.

Kengele hakwenda nyumbani. Alizunguka kwa roshani ya nyuma, hukohuko ghorofani, mpaka kwenye lile dirisha lililofunguliwa kwa ajili yake. Akasimama nje, mikono juu ya kingo. Stuli ilikuwa palepale, kwa sababu mtihani ukishaanza hakuna kinachohamishwa. Meza yake ilikuwa tupu na safi. Meza ya pili alikuwepo Chiriku, uso umejaa jasho, anashika bureti kwa mkono mzima kana kwamba anamkaba mtu. Matone yakaanguka haraka haraka. Kengele aliona pale rangi ilipotaka kuja, aliiona kabla Chiriku hajaiona.

"Polepole," akasema. Hakukusudia. Lilimtoka tu. "Geuza kidogo, halafu tikisa."

Vichwa vikainuka. Chiriku akamwona, koki ikamponyoka mkononi, na chupa nzima ikawa nyekundu.

Msimamizi akaja dirishani. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. Alimtazama msichana, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kanuni, si yeye. Kisha akalivuta dirisha, likakwama, akalivuta tena kwa nguvu, likafungika.

Kengele akabaki anatazama kioo. Nyuma yake akasikia kile kikohozi, na mkono laini ukamgusa bega.

"Twende, mwanangu," Bi Mkubwa akasema, naye analia. "Umesimama mno. Twende ukapumzike."

Kengele alitaka kuukung'uta mkono ule. Alitaka kupiga ukelele wa kuamsha shule nzima. Lakini miguu ilikuwa imevimba kweli, mgongo unawaka kweli, na nyumbani ni mbali. Akamfuata mpaka chini ya ngazi, akaingia, akajilaza, na Bi Mkubwa akamvutia lile pazia la maua ili mwanga usimsumbue.